Kidole cha Sita cha Yosefu

Sumbawanga, Jumamosi, Juni 1976

Baridi ya leo inapenya mpaka kwenye mifupa, na upepo haujatulia tangu asubuhi. 

Nimeshtuka. Naandika ili niamini.

Tangu Yosefu azaliwe na kidole cha sita pembeni mwa kidole kidogo, mkono wa kulia na wa kushoto, mama mkwe hanipi raha. Alitoka kijijini kwao Mwazye kuja kunisaidia uzazi, akaishia kunihukumu. "Kwetu hakuna mtoto wa hivi. Kaulize huko kwenu Mbeya," anasema, huku anamwogesha mjukuu wake kama mtu anayeosha sufuria ya jirani. Kesho baada ya misa wazee wa ukoo wanakuja kuamua kama mtoto ni wao. Mume wangu amekaa kimya tu, na kimya hicho ndicho kinachoniuma zaidi.

Mchana niliandaa ugali wa ulezi, nikachukua jagi kumnawisha mama mkwe kama kawaida. Maji yakapita juu ya mikono yake. Pembeni mwa kidole kidogo nikaona kinundu, kidogo kama punje ya ulezi. Nikatazama mkono wa pili. Kipo!

Jagi likaniponyoka.

Nesi wa kliniki aliwahi kuniambia kwamba wakunga hukifunga kidole cha namna hii kwa uzi mtoto anapozaliwa. Kinakauka, kinadondoka, kinabaki kinundu. Mtu anakua na kuzeeka bila kujua.

Na mimi ni mwalimu wa bayolojia! Muhula uliopita niliwachorea kidato cha nne DNA ubaoni, nyuzi mbili zilizosokotana ndani ya seli. Nikawaambia kwamba kabla seli haijagawanyika nyuzi hizo huachana kama zipu, kila mmoja ukajijengea mwenzake mpya, na nakala zikawa mbili. Niliyasema hayo nikifikiria mtihani wao, wala sikumfikiria mtu. Kumbe uzi wa mkunga ulikata nyama tu. Maandishi yalibaki, yakanakiliwa, yakapita kwa mume wangu bila kuonekana, maana mara nyingine hulala kizazi kizima, yakaamka kwa Yosefu.

Hasira zilinipanda. Nyani haoni kundule, nilitaka kumwambia, nikajing'ata ulimi. Mkwe ni mkwe. Nikauliza tu, "Samahani mama, hivi ni nini?"

"Vinundu tu, mama Yosefu. Nimezaliwa navyo."

Nimezaliwa navyo! Nikaenda kumchukua mtoto, nikamweka mapajani mwa bibi yake, kiganja juu ya kiganja. Nikamweleza habari za uzi wa mkunga. DNA niliiacha ubaoni.

Aliutazama mkono ule, akautazama wake, akajipapasa. Ugali ukapoa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu amekufa bila kuniambia."

Hakuniomba radhi, na sikutegemea. Ila jioni hii amemwogesha Yosefu polepole, kidole kwa kidole, hata vile viwili. Mume wangu alipoingia, mama akamwambia, "Kesho wazee wakija, mtoto nitambeba mimi."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Nikaishika mikono yake, nikaipapasa pembeni. Haina kitu.

Mama yake ameshapata la kusema. Yeye, baba wa mtoto, kesho atafungua kinywa?