Kitabu Chenu Kinasema Sina Kazi

Kibanda cha Fundi Viatu,
Nyuma ya Soko la Zamani.
Tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu Karani,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Wifi yangu mwalimu hajambo? Mapacha je, bado wanagombania kiti cha dirishani? Na mguu wako wa kushoto unaendeleaje? Uliandika kwamba nyonga inakuuma ukipanda ngazi za ofisini. Ukiona hivyo ujue soli imelika, nyonga haina kosa. Sisi huku wazima. Mama anatembea mwenyewe mpaka uani na kurudi, anakula vizuri, na bado anamsahihisha kila mtu anayepita mlangoni.

Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize, maana nimekasirika, na niliyemkasirikia ni wewe.

Kitabu chenu kimefika, kile cha uchunguzi wa kazi, mafunzo na ajira, chenye jalada la buluu. Nakala moja imefungwa kwa kamba mezani pale ofisi ya mtaa ili kila mtu asome. Nilikwenda na miwani yangu, nikautafuta ukurasa wa mtaa wetu kwa kidole. Useremala: hakuna. Ushonaji nguo: hakuna. Ufundi viatu: hakuna. Chini kabisa wameandikwa watu wazima mia na nne "wasio na kazi maalumu", na mimi ni mmoja wao. Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikakuta jina lako. Maswali uliyatunga wewe, majibu uliyapitisha wewe.

Miaka ishirini na minane, Karani! Nimekaa kwenye kigoda hiki tangu baba aliponikabidhi nyundo yake. Vidole vyangu viwili havikunjiki tena kwa sababu ya kusukuma sindano kwenye ngozi. Nimefundisha watu kumi na mmoja, tisa kati yao wana vibanda vyao mitaa mingine. Halafu kitabu kinaniambia sipo.

Kosa la kwanza ni langu, nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na mama. Mdadisi wenu alikuja asubuhi na kishkwambi chake, mama wa makamo, mpole. Ukanda wa kiatu chake ulikuwa umemkatikia njiani, nikamwambia avue. Nikiwa naushona ule ukanda akaniuliza nafanya kazi gani. Nami nikajibu kama tulivyolelewa: "Ah, mama, tunasukuma siku tu." Akabonyeza. Akauliza kazi nilisomea wapi. Nikamwambia, "Kusoma wapi! Tulimkuta baba anagusagusa, na sisi tukagusa." Akabonyeza tena. Kisha akavaa kiatu chake, akakanyaga mara mbili kuona kama kimeshika, akanishukuru sana, akaenda zake ameshaandika kwamba sina kazi.

Na wala si mimi peke yangu. Seremala wa mkabala, aliyetengeneza madawati ya shule nzima, alisema anabahatisha. Mshonaji alisema anasaidiasaidia watu. Fundi redio alisema yupoyupo. Mtaa mzima unagonga, unakata na kushona tangu alfajiri, na mtaa mzima ulimwambia mgeni kwamba haufanyi kitu. Mama ndiye aliyetufundisha hivyo, kwamba anayejisifu mbele ya mgeni anajiitia husuda, na kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Juzi nilipomweleza habari ya kitabu alisema, "Mimi nilikwambia usijisifu. Sikukwambia ujifute." Sasa hivi ndipo anapolisema hilo, na mimi nina mvi!

Lakini mdadisi ni mgeni, hana lawama kubwa. Wewe umelelewa humu humu. Unajua kwamba mtu wetu ukimuuliza habari ya kazi atashusha kwanza, mpaka umuulize mara ya pili na ya tatu ndipo aseme. Nilimfuata yule mdadisi ofisi ya mtaa, nikamuuliza kwa nini hakuandika alichokiona kwa macho yake, na kiatu nilichomshonea anacho mguuni. Akaona haya, maskini. Akanionyesha maelekezo kutoka kwenu: jibu liandikwe kama lilivyotamkwa, mdadisi asiongeze lake. Chini yake sahihi yako, ile ile ya mkia mrefu uliyokuwa ukijifunzia kwenye maboksi ya viatu hapa kibandani.

Ingekuwa ni kitabu tu ningecheka yakaisha. Ila mwezi wa tisa chuo cha ufundi kinafunguliwa hapa, na kuna darasa la viatu. Fundi asiye na cheti anaweza kupimwa kwa kazi ya mikono yake na kuwa mwalimu, lakini wanaoitwa kupimwa ni wale tu ambao uchunguzi wenu umewaandika kuwa ni mafundi. Nilimpelekea mkuu wa chuo viatu vitatu. Akavipindua, akakwaruza soli kwa ukucha, akasema hajaona mshono kama ule. Halafu akatazama kompyuta yake. "Pole sana, mama. Hapa inaonekana huna kazi." Marekebisho yanapokelewa mpaka tarehe thelathini mwezi huu, na mezani kwako tu. Siku hiyo ikipita, wanaleta mwalimu kutoka nje.

Macho yangu siku hizi hayatungi uzi kama zamani. Ya kushona nimebakiza miaka michache, ya kufundisha ninayo mingi. Nafasi hiyo naitaka, Karani. Naitaka kwa moyo wote, na sioni haya tena kulisema hilo.

Kuna jambo linaloniuma kuliko kitabu. Mwaka juzi ulipita hapa kibandani na mkubwa wako wa kazi. Ukamwambia, "Huyu dada yangu, yupo tu hapa nyumbani, anajishughulisha." Nilikuwa na misumari mdomoni, sikuweza kujibu. Nikajituliza kwamba ni adabu ile ile ya mama, umenishusha kama unavyojishusha mwenyewe. Lakini hapo hapo ulimtajia kazi ya wifi, ukataja na cheo chake. Basi haikuwa adabu, ulinionea haya. Nimelikalia jambo hilo miaka miwili, leo nimechoka kulikalia.

Ulikuwa na miaka sita ulipokataa shule kwa sababu watoto walikuita Chechemea. Baba alisema kutengeneza kiatu cha kuinua mguu mfupi hawezi. Mimi nikakata vipande vya tairi, nikavigandisha kimoja juu ya kingine, nikaharibu viatu vinne. Cha tano ulikivaa ukatembea mpaka barabarani umenyooka, ukarudi mbio. Tangu hapo kila mwaka unaniletea mchoro wa nyayo zako kwenye karatasi, na mimi nakushonea. Huko ofisini hakuna anayejua kama una mguu mfupi. Hawajui kwa sababu mimi nina kazi.

Kwenye bahasha hii kuna fomu ya marekebisho. Nimeijaza mwenyewe na sikushusha kitu. Kazi: fundi viatu. Aliyenifundisha: baba. Niliowafundisha: kumi na mmoja. Seremala, mshonaji na fundi redio nao wamejaza zao. Tulikaa hapa kibandani tukawa tunajazishana, kila mmoja anamsemea mwenzake, maana kujisemea bado tunaona aibu. Fomu zote ziko humo. Zipitishe kwa mkono wako, kama ulivyokipitisha kitabu.

Kifurushi kilichokuja na barua hii kina kiatu chako kipya cha mguu wa kulia. Cha kushoto ngozi nimeshaikata, imo kwenye kalibu, ule mfano wa mguu wako wa mti, inasubiri kushonwa. Nilitaka nikimalize nivitume vyote pamoja. Lakini nimesoma kitabu chenu, mdogo wangu, na kinasema mtaa huu hauna fundi viatu.

Msalimie sana wifi yangu, umwambie simu yake ya wiki iliyopita ilinifurahisha. Wabusu mapacha, shangazi yao anawawaza. Seremala anakusalimu, anasema ukija upite kwake. Mama anakuombea kila asubuhi uende salama na urudi salama, nami naitikia amina, hata na hasira zangu. Mungu akulinde na ngazi hizo.

Ni mimi akupendaye,
Dada yako,
asiye na kazi maalumu.