Ngumi ya Baba Kwenye Chumba cha Baridi

Baba, nakusalimu kutoka Buruburu, vidole bado vimekufa ganzi!

Jumatatu, kwenye chumba cha baridi cha machinjio, mwalimu wetu wa ukaguzi wa nyama alituuliza: kati ya ng'ombe hawa waliotundikwa, bakteria wataongezeka zaidi wapi? Wenzangu wakaonyesha yule mnene. Mimi nikaonyesha wawili waliogusana. Nilikumbuka unavyopitisha ngumi kati ya nyama moja na nyingine kabla ya kufunga bucha, eti baridi ipate njia. Majibu ya maabara yametoka leo, ni mimi pekee niliyepatia! Mwalimu akauliza nimesomea wapi. Nikamwambia, "Kwa bucha ya baba." Sasa darasa zima linapitisha ngumi, hata wenye digrii.

Mpe Mama salamu tele.

Ni mimi niliyekuwa nikikucheka,
Mumbua