Nyumba ya Mwisho Kabla ya Genge

Hadderwick,
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mdogo wangu mpenzi Clement,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi yangu Maureen, na umfikishie Judith salamu za shangazi yake. Natumaini mgongo wako umepoa na sasa unapanda ngazi bila kuguna. Mimi ni mzima. Upepo wa huku umenichubua mashavu, lakini hamu ya chakula imenirudia, jambo ambalo sikulijua tangu Lionel afariki. Jana nilikula samaki mzima na viazi vyake, nikatamani mwingine.

Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunikata kauli, na haya yanataka msikilizaji anyamaze. Tena yanataka uyasome kabla hujaanza kuyachonga yale mawe uliyoniambia umeagiza.

Unakumbuka nilikuja Hadderwick kwa wiki moja tu, nikapanga chumba juu ya duka la Bi Enid Cragg, ambaye anauza mkate na ndiye pia mwenye posta. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa majira ya baridi. Watu wa hapa walikuwa wakiniambia habari za mvua, basi. Halafu asubuhi moja ya Februari, mwaka jana, Bi Enid akanitazama juu ya miwani yake, akaniuliza, “Haya, mama, jina lako nani hasa?” Nilimwambia mbona nimemlipa kodi miezi saba na jina liko kwenye risiti. Akasema, “Hilo la risiti ni la mgeni. Wageni wa kiangazi ni kama mbayuwayu, hatuwapi majina. Ukionekana Februari, ndiyo tunauliza.” Tangu siku hiyo nikawa Thora, na mkate wangu ukawa unawekwa kando bila kuuagiza.

Wakati huohuo Mzee Ralph Tully alikuwa anauza nyumba yake, ile ya mwisho kwenye safu ya nyumba nyeupe za walinzi wa pwani. Ana miaka themanini na minne, na aliongoza mashua ya uokoaji miaka ishirini na sita. Magoti yalikuwa yamemgomea, na binti yake alimtaka ahamie kwake, mbali na bahari. Nilikwenda kuiona nikiwa nimefuatana na mtu na mkewe kutoka London, waliokuja na utepe wa kupimia mapazia. Mzee hakutupeleka vyumbani. Alitupitisha jikoni moja kwa moja hadi uani, akasimama mahali majani yanapokatika, ukingoni mwa genge la bahari.

“Nilizaliwa humu,” alisema. “Nilipokuwa mtoto, hapa mbele palikuwa na shamba la viazi. Nyuma ya shamba palikuwa na njia. Ng’ambo ya njia palikuwa na nyumba ya mjomba wangu.”

Yule mwanamke akauliza nyumba ya mjomba iko wapi sasa. Mzee akaielekeza fimbo yake kwenye mawimbi. “Ile pale, bibie. Mkitaka na yenyewe nawauzia.”

Hawakumaliza chai aliyotumiminia. Mimi niliimaliza yangu, nikamshukuru, nikaondoka. Mkaguzi wa majengo alikuwa ameandika kwamba genge lile ni udongo mtupu na nyumba imebakiza miaka kumi na miwili, labda kidogo zaidi, kabla ya kuanguka baharini. Benki haikopeshi juu yake, bima haiigusi. Nilijiambia kwamba mjane mwenye akili timamu hanunui kitu cha namna hiyo.

Kisha ikaja dhoruba. Ilivuma siku tatu, na chumba changu kilikuwa kikitikisika kama kopo. Siku ya nne kulipambazuka shwari, jua jeupe, kimya mpaka masikio yanavuma. Mzee Tully alilipiga dirisha la duka kwa fimbo akaniita, “Binti! Vaa buti! Acha hiyo chai, ni bamvua leo, maji yametoka mbali, una saa mbili tu!”

Niliteremka ufukweni nyuma yake. Clement, mchanga wote ulikuwa umezolewa. Chini yake palikuwa na udongo mweusi, laini kama sabuni, na katika udongo ule visiki vya miti, vingi, msitu mzima, mizizi bado imeshika ardhi mahali ambapo mimi nilizoea kuona maji. Bi Enid, aliyeteremka nasi, aliokota njugu ya mwituni, ganda lake halina hata ufa, akaishika kiganjani kama anayeogopa kuiamsha.

Na palikuwa na nyayo za watu.

Wataalamu waliokuja baadaye walisema ni za miaka elfu saba. Asubuhi ile hatukuhitaji kuambiwa. Kulikuwa na mstari wa nyayo za mtu mzima, vidole vimejichora kimoja kimoja, zikielekea kule kwenye maji. Pembeni yake palikuwa na nyayo ndogo, za mtoto wa miaka minne au mitano. Zile ndogo hazikwenda sawa. Zilizunguka kisiki, zikarudi nyuma, zikarukaruka mahali pamoja mpaka udongo ukachafuka. Nilizifuata nikiwa nimeinama. Halafu ghafla zile ndogo zikakoma, na zile kubwa, kuanzia hapo, zikawa zimezama zaidi.

Nilisimama muda mrefu kabla sijaelewa. Alikuwa amembeba.

Tulikuwa watu kama ishirini, na wengine hawakuwa wamesalimiana tangu Krismasi, lakini sasa walisimama bega kwa bega. Mzee Tully, ambaye ametoa maiti majini kwa mikono yake na kwenda kunywa supu, alivua kofia. Mimi nilipiga magoti nikaweka kidole katika kisigino cha yule mtoto. Kilikuwa baridi, na upana wake haukuzidi vidole vyangu viwili.

“Na hawa bahari ilikuwa inawafuata,” Mzee akasema taratibu. “Na waliiona inakuja. Lakini unaona? Mtoto aliachwa acheze kwanza.”

Maji yaliporudi hayakuja kwa kishindo. Yaliingia kwenye wayo mmoja, ukajaa, ukang’aa, ukafutika. Kisha mwingine. Sikuondoka mpaka buti zangu zilipojaa.

Tukiwa tunapanda ngazi nilimwambia Mzee kwamba nainunua nyumba yake. Alisimama akaniuliza kama nimezibwa masikio na dhoruba, hiyo miaka kumi na miwili sikuisikia? Nikamwambia kwamba mimi na Lionel tulinunua nyumba ya kudumu miaka mia, tukakaa ndani yake minne. Alicheka mpaka akakohoa. “Basi chukua, binti. Lakini siku ukikosa uwanja usije kunidai, mimi sitakuwa na pa kuutoa.”

Sasa nifike kwenye lile lililonikalisha mezani tangu asubuhi.

Uliponiuliza mkaguzi amesema nini, nilikusomea ripoti kwenye simu. Nilikusomea kwamba nyumba ni imara, kuta nene, msingi wa karne nyingine. Clement, sikuwa na karatasi yoyote mkononi. Nilikuwa nimesimama jikoni kwa Mzee Tully nikitunga. Nilijua kwamba bila maneno hayo usingekubali tuuze nyumba ya Mama ili nilipie hii. Wewe ulitaka ibaki. Ulikubali kwa sababu nilikuahidi kwamba hii itakuwa ya Judith, na ya watoto wa Judith, na wewe ni mwashi, neno “imara” kwako ni neno la heshima. Nililitumia nikijua hivyo.

Nyumba hii haitamfikia Judith. Wiki iliyopita kipande cha uwanja, ukubwa wa meza ya chakula, kiliondoka wakati natwanga viazi. Ule ukuta wa bustani unaotaka kuja kunijengea Pasaka hautakuwa na pa kusimama. Nakuomba radhi kwa uongo, kwa nyumba ya Mama, na kwa mwaka mzima wa kukuacha unishukuru. Kwa kuishi hapa, hilo siwezi kukuomba radhi, maana ningekuwa nakudanganya mara ya pili.

Nitamwandikia Judith mwenyewe, usinibebee mzigo huo.

Msalimie Maureen, na majirani wa zamani wote wanaoniulizia. Kama utakuja kwa hasira, njoo nazo hivyohivyo. Kitanda cha chumba cha nyuma nimekitandika, na dirisha lake linatazama bahari.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Thora