Firigisi Moja na Makao ya Kampuni

KAMPUNI YA UNGA YA JEMBE TATU (INAYOTARAJIWA)
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TATU CHA WAANZILISHI, KILICHOFANYIKA KIMILILI, CHUMBA CHA NYUMA CHA HOTELI YA MAMA NEKESA, JUMAMOSI TAREHE 19 AGOSTI 2006

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Khaemba, Mwenyekiti, mwenye ghala la mahindi, Kitale
2. Bw. Wakoli, mwenye lori, Bungoma
3. Bi. Zulekha, mwenye mashine ya kusaga, karibu na msikiti, Bungoma
4. Bw. Sharif, muuza magunia, Kitale
5. Bi. Fridah, Katibu, Bungoma

ASIYEHUDHURIA
Bw. Gachanja, wakili wa Kitale na shemeji yake Mwenyekiti. Alialikwa na Mwenyekiti peke yake. Hakuna aliyemuulizia.

KUMB. NA. 1/3/06: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilipangiwa saa nne. Kilifunguliwa saa tano na nusu, Mwenyekiti alipofika. Mwenyekiti aliwakemea wanaochelewa. Wengine wote walikuwa wameketi wakimngoja. Bw. Sharif aliomba dua, akiwa ametoka jikoni alikoitwa kuchinja kuku ili kila mtu mezani aweze kula.

KUMB. NA. 2/3/06: MAKAO YA KAMPUNI
Katibu alikumbusha kwamba msajili wa makampuni yuko Nairobi kwa kila mtu na hatuwezi kumhamisha. Kilichobaki ni kuamua mji utakaoandikwa kuwa makao ya kampuni, na mahali mizozo yake itakaposikizwa.

Bw. Wakoli alisema makao ni Bungoma. Alieleza kwamba hata Kimilili tulipoketi ni wilaya ya Bungoma, kwa hivyo yeye yuko nyumbani, na Mwenyekiti ni mgeni, tena mgeni anayekaribishwa sana.

Mwenyekiti alikataa katakata kuitwa mgeni. "Mama yangu alizaliwa hapa Kimilili, bana. Mimi niko kwetu kuliko wewe!" Alipendekeza Kitale, kwa kuwa mahindi yanatoka huko. Bw. Sharif aliongeza kwamba hata magunia yanatoka huko. Bw. Wakoli aliuliza magunia hulimwa shamba gani. Katibu aliombwa asiandike swali hilo.

Muafaka haukupatikana.

KUMB. NA. 3/3/06: MIZOZO YA BIASHARA
Mwenyekiti alieleza kwamba mizozo yote ipelekwe mahakama ya Kitale, kwa sababu mji huo una mawakili wazuri. Bw. Wakoli aliuliza kama wote wameoa dada za Mwenyekiti. Mwenyekiti alisema ni mmoja tu.

Hapo Bi. Zulekha, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliomba nafasi. Ieleweke kwamba bila mashine yake kampuni hii ni mahindi, lori na magunia matupu. Alieleza kwamba zamani alikosana na muuza vipuri, na karatasi aliyokuwa ametia sahihi ilisema kesi isikizwe Nakuru. Alienda mara mbili, kesi ikaahirishwa. Mara ya tatu mtoto wake alikuwa amelazwa, hakwenda, ikaamuliwa bila yeye. Mashine yake ya kwanza ikabebwa akiiangalia.

"Haki nilikuwa nayo," alisema. "Nauli ndiyo sikuwa nayo. Sasa hii mashine ya pili siiweki mahali siwezi kufika kuitetea."

Mwenyekiti alisema jambo hilo litaangaliwa. Bi. Zulekha alisema hata Nakuru aliambiwa hivyo hivyo.

KUMB. NA. 4/3/06: FIRIGISI
Ajenda hii haikuwa imepangwa. Chakula kililetwa saa saba: ugali, sukuma wiki na kuku mmoja. Kuku mmoja ana firigisi moja, na kwa mila ya huku firigisi, au imondo kama anavyoiita Bw. Wakoli, hupewa mgeni wa heshima.

Mwenyekiti alivuta sahani. Alisema ametoka mbali, Kitale, na mvua ilimpiga njiani. Kama si yeye mgeni ni nani? Bw. Wakoli aliishika sahani upande wa pili. Alisema hata yeye ametoka Bungoma mjini, na mtu akipanda gari mbili tayari ni mgeni. Bw. Sharif alikumbusha aliyechinja ni nani. Hakusikizwa. Mchuzi ulimwagikia ajenda, ndiyo maana nakala ya Bw. Sharif ina doa.

Ilikubaliwa Bi. Zulekha aamue, kwa kuwa mila hiyo haiwapi wanawake firigisi, basi hakuwa na njaa nayo. Aliuliza swali moja tu: nani asubuhi alisema yuko nyumbani?

Wote wawili waliiachia sahani. Bi. Zulekha aliamua hivi: "Mzee Wakoli, wewe ulisema uko kwako, basi mwenye nyumba ale mguu. Mzee Khaemba, ukiila hii firigisi wewe ni mgeni, na kampuni haikai kwa mgeni. Usipoila, tutaendelea kubishana. Chagua."

Mwenyekiti aliitazama firigisi kwa muda. Kisha akaila.

Makao ya kampuni ni Bungoma.

KUMB. NA. 5/3/06: MAAZIMIO
Bw. Wakoli, akiwa amefurahi kupita kiasi, alipendekeza kwamba basi hata mizozo yote isikizwe Bungoma. Bi. Zulekha alimwambia atulie. "Si mmeona? Mzozo umezuka hapa, umesikizwa hapa, na ugali haujapoa." Iliazimiwa kwamba mzozo wowote usikizwe kwanza pale mali inayogombaniwa ilipo, mbele ya mwanachama anayekubaliwa na pande zote mbili; kwamba anayelalamika ndiye asafiri; na kwamba mahakama ije baadaye, nayo iwe ile iliyo karibu na anayelalamikiwa.

Wote walitia sahihi maazimio hayo isipokuwa Bi. Zulekha. Alisema maazimio ni mazuri, lakini karatasi nzuri ameziona. "Nitasaini siku nitaona mkubwa akisafiri kumfuata mdogo."

Kikao kilifungwa saa tisa na robo. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuondoka.

NYONGEZA KABLA YA SAHIHI
Baada ya kusoma kumbukumbu hizi, Mwenyekiti alipiga simu akitaka KUMB. NA. 4 ifutwe. "Ati watu watasema niliuza makao ya kampuni kwa firigisi!" Katibu alimjibu kwamba Kimilili nzima imeshasema. Mwenyekiti aliamuru Katibu apeleke kitabu cha kumbukumbu Kitale. Katibu alimsomea KUMB. NA. 5, polepole. Simu ilikatika, au ilikatwa.

Jumamosi tarehe 26 Agosti, mvua ikinyesha, Mwenyekiti alifika Bungoma kwenye mashine ya Bi. Zulekha, suruali imekunjwa, viatu mkononi. Katibu alikuwepo na kitabu. Katibu anakiri hakutegemea kumwona, na alifurahi.

Bi. Zulekha, aliyekubaliwa na pande zote mbili, alisikiza, akaamua KUMB. NA. 4 ibaki. Mwenyekiti aliuliza kama anaweza kukata rufaa. Aliambiwa anaweza, lakini ale kwanza. Firigisi iliwekwa kwenye sahani yake bila yeye kuomba.

Kisha Bi. Zulekha alinawa mikono, akaifuta vizuri kwa leso, akaomba kalamu.

Zimethibitishwa Bungoma, tarehe 26 Agosti 2006:

Khaemba, Mwenyekiti (alisafiri)
Fridah, Katibu
Zulekha, mwenye mashine ya kampuni