Linavyolia Kabla ya Gia ya Pili

Kakamega,
4 Januari 1999

Kwa mdogo wangu Phineas,

Mulembe. Natumaini wewe na mkeo Edah mmeuanza mwaka mkiwa wazima, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa ukisema ni vumbi la barabara kimekuacha. Sisi hapa tuko salama. Mvua imekata, mahindi ya watu yanakauka, gereji ina kazi. Mazuri ni hayo tu.

Sasa tuongee ya Boxing Day, maana uliondoka asubuhi iliyofuata hata chai hukunywa.

Gari letu, Toyota Mark Two, lina nguvu kuliko Subaru ya Osundwa. Hilo halina ubishi, nimepima mwenyewe. Mita mia nne pale uwanja wa zamani wa ndege Navakholo, mwanzo mzuri, gia kwa wakati wake, basi, mchezo umeisha. Kwa hivyo nieleze mambo mawili.

Nani alikuambia uwashe TRC? Tulikubaliana. Kile kitu kikihisi gurudumu linateleza kinainyima injini nguvu. Ni kizuri kwa mwalimu mkuu anayerudi nyumbani kwenye matope, si kwa mashindano. Ulikizima ukiwa mstarini, halafu ukabonyeza tena kikawaka. Nilikuona. Bendera ikashuka, gari likatoka kama ng'ombe anayevutwa kamba kwenda sokoni.

La pili ndilo linaloniuma. Ulikaa kwenye L, gia ya kwanza, mpaka injini ikafika mwisho wake ikaanza kujikata, ta-ta-ta-ta, watu wote wanasikia, akina mama wa ndizi wanasikia, na wewe umetulia tu. Mara ngapi nimekufundisha? Gia ya automatiki haiingii pale unapoisukuma, huchelewa kidogo, kwa hivyo unasukuma mapema, sauti ikiwa bado inapanda. Ulipofika D, Osundwa alikuwa ameshasimama anacheka. "Awinja! Hilo gari la akina mama halina klachi, na dereva wake hana haraka!"

Nilikuja dirishani nikakuambia mbele ya watu kwamba masikio umeyaacha Nakuru kwa mke wako. Na wewe ukafanya nini? Ukanitabasamia. Ukatingisha kichwa kana kwamba nimekununulia soda. Phineas, mimi nilichuuza sukuma wiki barabarani ili wewe usome na mimi ninunue spana yangu ya kwanza. Matusi ya Osundwa ningeyasahau. Tabasamu hilo sijalisahau.

Niandikie.

Dada yako,
Awinja


Nakuru,
2 Februari 1999

Dada yangu,

Mulembe nyingi. Barua yako tumeipata, Edah anakusalimu sana. Kikohozi kimeisha. Habari za gereji zimenifurahisha.

Kuhusu mashindano, sina la kujitetea. Ni kweli niliwasha TRC. Pale mwanzo kulikuwa na udongo ulioachwa na matrekta ya miwa, nikaogopa tairi zingeteleza. Na gia nilichelewa, ni kweli pia.

Nina ombi. Ile saa ya mizunguko ya injini uliyoing'oa kwenye dashibodi, bado unayo? Ukiirudisha nitakuja Pasaka. Bila hiyo ni afadhali nisije.

Yale uliyoniambia dirishani nimeyasoma.

Mdogo wako,
Phineas


Kakamega,
15 Februari 1999

Phineas,

Mulembe. Tuko wazima, tunatumaini nanyi hivyo hivyo.

Sirudishi. Saa iko ndani ya sanduku chini ya benchi na itakaa huko. Umesahau kwa nini niliing'oa? Dereva akitazama saa hatazami barabara. Nilikusimamisha nyuma ya gereji ukiwa umegeukia ukuta, fundi wangu Mark akikanyaga mafuta, na wewe unainua mkono pale gia inapotakiwa. Mwezi haukuisha, ukawa hukosei. Wazee wa kupiganisha fahali walikuja kutoka Iguhu kukutazama, mmoja akasema, "Huyu anasikianga gari vile sisi tunasikianga ng'ombe." Wiki nzima nilitembea kifua mbele kama mimi ndiye fahali.

Leo mtu huyo huyo ananiomba saa, kama karani.

Na tairi zikiteleza zinalia. Ukizisikia unapunguza mguu, zinashika, unaongeza. Hiyo ndiyo TRC yako, na ulizaliwa nayo.

Nimebadilisha mafuta ya giaboksi. Yalikuwa yananuka kama sukari guru iliyoungua, kazi yako hiyo. Usipokuja Pasaka nitampa Mark usukani.

Dada yako,
Awinja


Kakamega,
12 Aprili 1999

Phineas,

Habari za siku nyingi. Pasaka imepita. Hukuja, hukuandika.

Nilimpa Mark. Aliteleza bendera iliposhuka, gari likaelekea kwenye miwa, Osundwa akashinda bila kutoka jasho. Lakini sikuandikii hayo.

Nilipiga simu kwenye kampuni yenu ya malori ili nijue kama uko safarini. Mtu wa ofisi akaniambia uliacha kazi Oktoba mwaka jana. Oktoba! Krismasi ulikaa kwangu, nyumba imejaa wageni, ukala obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, nakuuliza kazi inaendaje, unatingisha kichwa. Kila mtu akikusemesha unatingisha kichwa. Nikasema moyoni, huyu mji umempa kiburi.

Kama ni pombe, sema. Kama umeuza jina letu kwa Osundwa, sema pia, nilie mara moja niendelee na kazi. Kisichowezekana ni mimi kukaa hivi bila kujua.

Dada yako,
Awinja


Nakuru,
10 Mei 1999

Dada Awinja,

Mulembe. Natumaini uko na afya. Mimi kifua kimepona, daktari amethibitisha, na leo nitakuambia kimepona kwa kitu gani.

Hakikuwa kikohozi cha vumbi. Kilikuwa TB. Sikukuambia kwa sababu siku hizi ukitamka neno hilo watu wanamalizia habari wenyewe, kwamba ni ukimwi. Nilichomwa sindano kila siku kwa miezi miwili. Katikati ya sindano hizo masikio yakaanza kupiga filimbi. Daktari akasema huenda ni hiyo dawa, akaniuliza kama nataka kuiacha. Nikamwuliza, nikiacha? Akanionyesha picha ya kifua changu. Nikaendelea. Filimbi ikabaki, sauti nyingine zote zikaondoka. Kampuni haiwezi kumpa lori mtu asiyesikia honi, siwalaumu.

Nilikuja Krismasi kwa sababu ulikuwa umelitengeneza gari lile mwaka mzima. Nilifikiri mwili utakumbuka, kwamba gia nitaihisi mgongoni. Niliizima TRC kama tulivyokubaliana, halafu nikawaza, tairi zikilia nitajuaje? Nikaiwasha. Na ile ta-ta-ta ya injini niliihisi kwenye nyayo nikadhani ni ubovu wa lami.

Kisha ukaja dirishani. Niliona mdomo wako ukienda, uso wako uko karibu, macho yana maji. Dada, nilidhani unanipa pole. Ndiyo maana nilitabasamu. Nilipofika Nakuru, jambo la kwanza nilimwambia Edah, "Tumeshindwa, lakini Awinja hakunikasirikia." Ulichosema nilikijua barua yako ilipofika, na sikumwonyesha.

Basi sasa unajua ile saa nilikuwa naitakia nini.

Mdogo wako,
Phineas


Kakamega,
31 Mei 1999

Phineas, mdogo wangu,

Mulembe. Msalimu Edah, mwambie asante kwa kukutunza wakati mimi nilikuwa nashughulika na giaboksi.

Nimekaa na barua yako. Kila nikianza kujibu naandika kuhusu ile siku, kisha nachana. Kwa hivyo nitakuandikia ninachojua kuandika.

Saa nimeitoa chini ya benchi. Sikuirudisha pale ilipokuwa. Nimeifunga juu ya dashibodi, mbele ya macho, usiinamishe kichwa hata kidogo. Kando yake nimeweka taa nyekundu ya nyuma ya pikipiki. Inawaka kwa mizunguko elfu tano na mia sita. Si elfu sita, kwa sababu gia inachelewa, na jicho nalo linachelewa kuuambia mkono. Taa ikiwaka, sukuma. Usifikirie.

TRC iache ikiwa imewashwa. Nimejaribu mwenyewe Navakholo mpaka nikaielewa tabia. Ukikanyaga mafuta yote kwa ghafla inakukaba. Lakini ukitoka na nusu ya mguu, ukaongeza gari likishashika lami, haipati sababu ya kuingilia. Tairi za nyuma nimezipunguza upepo. Tutapoteza kidogo mwanzoni, tutafidia kwenye gia ya pili.

Mark ameniuliza, "Mama Gereji, si ulisema saa ni ya makarani?" Nikamwambia afagie.

Mashindano ni Jumamosi ya mwisho ya Agosti, mvua ikituhurumia. Njoo mapema. Nitasimama mwisho wa mstari na leso ya njano. Ukishinda nitaiinua juu kwa mikono miwili, uione.

Njoo, Phineas.

Dada yako,
Awinja


Nakuru,
12 Septemba 1999

Dada mpendwa,

Mulembe. Tulifika salama, na kuku uliyempa Edah alifika salama pia, ingawa alisafiri akilalamika, kwa maelezo ya Edah.

Tulishinda! Nilimwona Osundwa akipiga usukani wake kwa kiganja. Niliona na mdomo wake, na mara hii sikukosea kuusoma.

Kila kitu ulichoandika kilikuwa kweli. Nilitoka na nusu ya mguu, TRC ikakaa kimya. Taa ikawaka, nikasukuma. Ikawaka tena, nikasukuma. Gari lile halijawahi kwenda vizuri namna ile mikononi mwangu.

Nilikuficha jambo mara moja, sitaki kukuficha tena. Hakukuwa na gari, Dada. Kulikuwa na taa, na miwa ikipita dirishani. Nilivuka mstari bila kujua nani ametangulia. Nilipoiona leso imeinuka nikajua nimeshinda, vile mtu anavyosomewa matokeo ya mtihani wa jirani. Ulinikumbatia, nikahisi unacheka kifuani mwangu, nikacheka ili nisikuharibie.

Sitakimbia tena. Usinibembeleze. Mpe Mark. Ana papara lakini masikio anayo. Ing'oe ile taa, umsimamishe ukutani kama ulivyonifanya mimi.

Ninachoogopa ni kingine. Mwanzoni, masikio yalipokufa, nilikuwa nikifunga macho naisikia injini yote kichwani, kutoka L mpaka D. Hiyo hakuna aliyeninyang'anya. Sasa imeanza kukatika vipande. Wiki jana nilijaribu, nikapata filimbi tu.

Hakuna mtu anayelijua gari lile kama wewe. Niandikie linavyolia.

Mdogo wako,
Phineas


Kakamega,
30 Oktoba 1999

Phineas wangu,

Mulembe. Najua barua hii umeingoja. Sikuwa mgonjwa, wala sikukataa. Mimi ni mtu wa namba, unanijua. Niliandika elfu tano na mia sita nikaitazama, nikaona haisemi kitu.

Leo nimefunga gereji mchana. Tuko uwanjani Navakholo, Mark kwenye usukani, mimi kando yake, karatasi juu ya magoti. Usishangae mwandiko ukipinda. Taa sijaing'oa. Nimeifunika kwa kitambaa.

Likiwa limesimama linanong'ona, kama sufuria ya chai kabla haijachemka. Kale kamlio ka mkanda, kale ulikokuwa ukikaita panya, bado kapo. Nilitaka kukatengeneza Septemba, nikakaacha.

Mark amekanyaga breki na anaongeza mafuta kidogo. Sauti imeshuka tumboni. Ninaipata kwa kiti kabla ya sikio.

Ameachia. Tairi zimelia mara moja, kifupi, kama mtoto aliyeanguka akagundua hajaumia. Zimeshika. Sasa linapanda. Haliungurumi, Phineas, watu hukosea hapo. Ni kwaya. Wote wanaanza pamoja, kisha wale wa sauti nene wanaacha mmoja mmoja, wanabaki wa juu. Halafu ekzosi inafunguka, na ni kama mvua inapofika kwenye mabati ikitokea upande wa shamba. Ukutani, ikifika hapo, ulikuwa unafumba macho. Mimi nilikuwa sitazami gari. Nilikuwa nakutazama wewe.

Inazidi kupanda. Inakuwa nyembamba. Inakuwa uzi ambao mtu anauvuta, nawe unajua utakatika, lakini si sasa. Usiinue mkono. Bado.

Bado.

Sasa.

Dada yako,
Awinja