Njoo Ule Chakula cha Msiba Wako

Mama Zita,
S.L.P. 47,
Makambako.
4 Juni 1996

Zita anakuja kuimba Njombe! Nimeandika hilo kwanza, kabla ya salamu, maana lingenipasua kifua. Anakuja na magitaa yake na vijana wake wanne wa kupiga vyombo. Ukumbi umepatikana, na matangazo ya karatasi ya zambarau yamebandikwa hadi kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Mtoto wetu, wifi! Aliyetoka tumbo hili hili!

Sasa nikusalimu kama mtu mwenye adabu. Mpendwa wifi yangu Scolastika, kamwene. Hujambo huko Korogwe? Shemeji hajambo? Kifua chake kimepungua? Joto lenu limetulia au bado mnalala nje kwenye mikeka? Watoto wote wazima? Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu haina aibu. Juzi asubuhi majani yalikuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi, na viazi vya kaka yako mkubwa Yosefu vimeungua vyote bondeni. Mume wangu Hosea goti linamsumbua, lakini anatembea. Anasema nikuandikie kwamba kaka yako hajazeeka, ni goti tu.

Mimi bado niko na banda langu la chai hapa stendi Makambako. Ni hapa hapa nilipojua kwamba mwanangu amekuwa mtu mkubwa. Basi la Dar kwenda Songea liliingia, dereva wake ni Mudy, kijana mzuri Mwislamu asiyepita bila kunywa chai yangu. Mlango ukafunguliwa, nikasikia gitaa linalia kama maji yanayopita chini ya sakafu, halafu sauti. Birika likabaki hewani mkononi. Ilikuwa sauti ya Zita, wifi! Ndani ya basi!

Abiria mmoja akapiga kelele, "Dereva, zima hiyo kanda, inanitia kizunguzungu!" Mwingine akamjibu, "Ukizima, nashuka!" Mzee mmoja mwenye koti akaja kuniagiza chai huku akitikisa kichwa, akaniuliza, "Hivi anayeimba humo ni mtu au mzimu?"

Nikamwambia, "Mzimu? Mzimu huyo nimemnyonyesha mimi! Kunywa chai yako."

Mudy akashuka mbio. "Mama, kumbe wewe ndiye mwenye mzigo huu? Mbona hujawahi kusema? Basi kuanzia leo chai yangu iwe ya bure!" Nikamjibu ya bure anakunywa aliyeimba, wewe umeendesha tu. Stendi nzima wakacheka. Tangu siku hiyo wananiita Mama Kanda, na mimi naitika.

Najua kuna maneno yamefika kwako, maana maneno hayahitaji tiketi. Wanasema Zita anavuta bangi, ndiyo maana muziki wake unazunguka. Wifi, mtoto huyo hata moshi wa jikoni unamtoa machozi. Anakunywa uji wa ulezi na chai ya maziwa, basi. Muziki ule alifundishwa misheni, tena na Bruda, yule fundi wa jenereta. Bruda alipokuwa kijana kwao Ulaya alifuga nywele mpaka mabegani, ndivyo alivyotueleza mwenyewe, tukacheka mpaka tukashika mbavu kwa sababu sasa hana hata unywele. Alimpa Zita sanduku la sahani za santuri na mashine ya kurekodi. Anasema kwao ule muziki uliitwa saikedeliki, wa kuota ndoto ukiwa macho. Zita akachukua ndoto za wazungu akazitia nyimbo zetu za kupalilia. Nani mwingine Tanzania amefanya hivyo? Mtaje! Sasa redio zimekuwa nyingi Dar, kila mwenye mlingoti anatafuta kitu kipya, na kitu kipya ni mwanangu. Hata gauni lake la jukwaani nililishona mimi, kwa pazia la mitumba lenye maduara ya machungwa na kijani. Watu wa Dar wanauliza limetoka Ulaya gani.

Lakini hayo siyo yaliyonifanya nikae chini niandike.

Katika barua yako ya Pasaka ulimwandikia Hosea kwamba hutakanyaga Njombe maadamu mtoto yule anaimba. Ukasema kanda yake umeisikia sokoni Korogwe, na kwamba yule mama anayeimba nyuma yake kwenye wimbo wa "Mianzi," yule mwenye sauti nzito inayojirudia, ni shetani mtupu. Hosea aliikunja barua akaitia mfukoni, akanyamaza. Kaka yako ni mwoga, unamjua. Mimi nimekataa kunyamaza.

Wifi, shetani huyo ni wewe.

Kumbuka mama mkwe alipofariki, ukakaa kwetu mpaka matanga yakaisha. Asubuhi moja ulikuwa unatwanga nje ya jiko, ukaimba ule wimbo wa mama wa kupalilia ulezi. Zita akaja na mashine ya Bruda. Ulicheka, ukamwambia, "Nirekodi vizuri, mwanangu, siku nikifa mnisikie." Nilikuwepo, napepeta mahindi. Mtoto akachukua kuwa ni ruhusa. Wewe ukarudi Korogwe ukasahau.

Miaka miwili baadaye, msimu wa kugema pombe ya ulanzi, Zita alikuwa anatafuta mwangwi. Akaenda kwenye mianzi ya mama yako asubuhi kabla jua halijatoka, akaweka mashine katikati, akaifungulia sauti yako taratibu ili irudi pamoja na matone ya ulanzi yanayodondoka. Ndipo akaja Mikaeli, mgema wetu. Akasikia Scolastika wa Korogwe anaimba ndani ya mianzi, polepole, kama mtu anayeondoka. Akatupa kisu, akatupa kibuyu, akakimbia mpaka kwa Yosefu: "Scolastika amefariki! Amekuja kuaga kwenye mianzi ya mama yake!"

Yosefu hakuuliza swali. Wanawake wakaangua kilio, maharage yakatiwa motoni, kijana akapandishwa baiskeli kwenda posta. Zita akatoka mianzini na mashine kwapani, akakuta watu wanalia. Akauliza nani amekufa, akaambiwa shangazi yako. Akajitupa chini akalia kuliko wote! Tulimwinua, mashine ikafunguka yenyewe ukaimba tena. Wifi, sikufichi, kuna watu walikimbia na sahani tupu mkononi.

Tulipoelewa, simu ya maandishi ilikuwa imeshaondoka. Najua kwamba ni wewe mwenyewe uliyeenda kuipokea kwa ajili ya shemeji, ukasoma SCOLASTIKA AMEFARIKI POLENI TUNAKUJA. Najua ulikaa kwenye ngazi za posta mpaka wakakuletea maji. Ulistahili kukasirika. Mtu kupewa pole ya kifo chake si jambo dogo. Lakini waliokuambia kwamba mtoto alikuita kwa redio ya mashetani wamekudanganya. Alikuwa anakusikiliza tu, kama ulivyomwagiza. Na sauti hiyo hiyo, iliyopunguzwa mwendo mpaka ikawa nzito hata wewe hukujitambua, ndiyo aliyoitia kwenye "Mianzi."

Sasa sikia anavyosema mwenyewe. Alikuja nyumbani mwezi uliopita, nikamwonyesha barua yako. Akaisoma mara mbili. Nikamwambia, usijali, shangazi yako atazoea. Akanijibu, "Hapana, mama. Sauti ile siyo yangu. Dar niliimba kwa sababu nilidhani anajua. Njombe siimbi 'Mianzi' bila yeye mwenyewe kuniambia imba, hata ukumbi mzima ukipiga miguu." Nikamkumbusha kwamba watu wanakuja kwa wimbo huo, kwamba matangazo yote yameandikwa "Mianzi." Akasema, "Basi watarudi bila kuusikia." Ana kichwa kigumu, sijui kakitoa wapi. Hosea ananitazama kila nikisema hivyo.

Nikaenda Njombe kwa Yosefu pia, nisije nikasema upande mmoja. Kaka yenu alichokonoa moto, halafu akasema, "Chakula cha siku ile hakuna aliyekila. Tulikifukia. Msiba ule haujafungwa. Mtu aliyeliliwa akiwa hai lazima aje mwenyewe, aketi, ale chakula cha msiba wake kwa mkono wake, tumwone anashiba. Akishakula, na aseme juu ya wimbo neno linalomtoka moyoni. Akikataa, nitasimama na yeye." Umeona? Hakuna anayekulazimisha. Neno ni lako peke yako. Ila ulitamke hapa, usoni mwa mtoto, siyo kwa barua.

Usiniambie safari ni ndefu. Mudy nimeshasema naye. Atakuchukua Chalinze, atakukalisha kiti cha nyuma yake, na kanda hataiweka mpaka umruhusu, ameapa kwa dini yake. Na usipokuja, wifi, nafunga banda, navaa koti la Hosea, nakufuata mwenyewe huko Korogwe. Unanijua. Mahari yangu mliyoitoa haikununua mwanamke wa kukaa kimya.

Maharage nimeshayachagua. Jogoo ni wa Yosefu, yule mwekundu anayemfukuza paroko. Ukoo wote tumewaita: wa Lugarawa wanakuja, ndugu zangu wa Mawengi wanakuja, hata Mikaeli anakuja, ameomba akae karibu na mlango. Asubuhi unakula nyumbani kwa kaka yako Yosefu, mchana tunashuka ukumbini. Kiti cha mbele nimekiwekea kitenge cha mama mkwe. Hatakikalia mtu mwingine, hata mkuu wa wilaya akisimama.

Msalimu shemeji sana, mwambie afunike kifua. Wasalimu watoto, na jirani yako mama Rukaiya aliyekushika mkono siku ile pale posta, Mungu amlipe. Hosea anakusalimu. Yosefu anakusalimu. Zita hakusema nikusalimu, amesema atakusalimu mwenyewe akipiga magoti. Mungu akulinde njiani, akufikishe ukiwa na njaa.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukiwa umenuna,

Telesia, Mama Zita

Tena: usije ukasema hukuambiwa siku. Ni Jumamosi, tarehe 3 Agosti.