Shati la Mwenye Bucha

Kwako mume wangu,

Pokea salamu za bibi yako, mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. Hujambo? Mkeo hajambo? Watoto wanakula au wanasomeshwa tu kama baba yao? Mimi nipo, namshukuru Mungu, ingawa tangu juma lililopita silali, na sababu yake ni wewe.

Kitabu chako kimefika. Mchungaji alikileta kwenye kikao cha kina mama, akasema leo tutasomewa kazi ya mtoto wetu. Wenzangu wakanipisha benchi la mbele, nikakaa kama mama wa bwana harusi. Kwa nini nisikae? Mjukuu niliyemfuta kamasi mwenyewe, leo ni daktari wa mambo ya Mungu, anawafundisha wachungaji lipi jema na lipi baya, maaskofu wakikwama wanamwita, na nasikia karibuni anavishwa joho la ukuu wa chuo. Nikamtazama kila aliyewahi kuniambia kwamba nakupotezea muda shuleni.

Mchungaji akafungua ile sura ya mke wa seremala. Mume wangu, wewe una akili kweli? Uliandika mwanzoni kwamba watu wa visa vyako umewaficha, kama ilivyo desturi yenu walimu wa maadili. Umeficha nini? Mwenye bucha ukamfanya seremala, mtaa wetu ukauita mji wa mbali, ukaona kazi imekwisha. Shati ukaliacha palepale! Nani hapa asiyejua kwamba mwaka ule mwenye bucha alipompiga jirani nusura amuue, polisi walilikuta shati lake la damu ndani ya droo ya cherehani? Tulidhani walipekua, wakabahatika. Mwenyewe alitoka jela akidhani hivyohivyo. Kumbe mkewe, fundi wetu wa nguo, ndiye aliyewaita na kuwafungulia droo. Hilo alikwambia wewe peke yako, akilia, akitaka kujua kama amemkosea Mungu. Alikuja kwako kama kwa mchungaji wake, wewe ukamgeuza somo.

Mchungaji alisoma mpaka mwisho, maskini, hana habari. Wanawake waliacha kujipepea. Fundi alikuwa nyuma yangu. Wifi yake, dada wa mwenye bucha, akainuka kabla ya sala ya kufunga akisema ameacha chungu motoni. Chungu gani, na kwake anapika mkwewe?

Siku iliyofuata bucha haikufunguliwa. Mtu yule hata siku ya kumzika mama yake aliuza nyama. Halafu akaanza upole. Unamjua, yeye salamu yake ni matusi. Sasa anampisha kila mtu njiani na kuuliza hali za watoto. Mbwa wanaomfuataga kila asubuhi hawamsogelei tena. Fundi alikuja kwangu kwa mlango wa uani, na kitambaa cha mteja bado kimening'inia begani. Nilimwingiza chumbani kwangu, na ndimo alimo hata sasa ninapoandika.

Jana mumewe akabisha hodi. Nilimkaribisha, ningefanyaje? Alikaa karibu na pazia la chumba, akayasifu maua yangu, akauliza kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto kama nimemwona mkewe. Sasa sikia nililofanya, na usinihubirie. Nilimwambia mkewe amekwenda kwako, kuombewa. Akanishukuru. Akauliza kama bado mnakaa nyumba za walimu, ile yenye geti la kijani. Akasema ataanza safari akishamaliza nyama iliyo kwenye friji, maana hapendi kuacha kitu kioze.

Nimekupigia simu, hupokei. Mkeo anasema uko mkutanoni, na yeye sikutaka kumtisha kwa simu akiwa peke yake na watoto. Mwalimu wa kwaya anasafiri alfajiri, ndiye anayekuletea hii. Kaka yake fundi anakuja kumchukua, lakini anatoka mbali. Kwa hiyo mtu huyo akifika, usimwambie kwamba mkewe hayuko. Mwambie yupo, anapumzika, asubiri. Mweke hapo, mzungumzishe. Maneno hujakosa hata siku moja. Najua unafundisha kwamba Mkristo hasemi uongo hata kwa kisu shingoni. Kisu chenyewe kinakuja, na shingo si yako peke yako. Ukimpa ukweli, atageuza njia na kurudi hapa, na mlango wangu ni wa mbao laini.

Fundi anasema amekusamehe. Mimi bado.

Msalimie mkeo, umwambie leo hii awachukue watoto aende nao kwa mama yake. Wabusu kwa niaba yangu kabla hawajaondoka. Mungu awafunike.

Ni mimi bibi yako,
mkeo wa kwanza.